William Hoy na tangazo lake ukutani

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, mchezaji mmoja wa besiboli huko Marekani alibandika karatasi kwenye ukuta wa chumba cha wachezaji wa timu yake. Aliandika kwamba yeye ni kiziwi kabisa, kama wenzake wanavyojua, na kwa kuwa baadhi yao hawajauzoea uchezaji wake, ni vyema waelewane mapema. Mpira ukipaa naye akiona ni wake, atapiga kelele, nao wamwachie. Wasiposikia kelele, wajue hana haja nao, waufuate wao. Na wakisikia vishindo vya miguu yake vikija nyuma yao wasibabaike, anakuja tu kuwasaidia endapo mpira utawaponyoka. Yeye, alisema, hutazama mpira na mchezaji kwa pamoja, na hajawahi kugongana na mtu.

Naipenda sana karatasi hiyo. Haina ombi wala shukrani. Kiziwi anawagawia kazi wenye masikio: nyinyi sikilizeni, mimi nitatazama. Mambo mengi yanayosimuliwa juu ya mtu huyu leo hayana ladha ya karatasi ile, na hilo ndilo limenisukuma kuandika.

Jina lake ni William Ellsworth Hoy. Alizaliwa tarehe 23 Mei 1862 katika kijiji cha Houcktown, Ohio, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimepamba moto. Alipofikisha miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, masikio yakabaki hayafanyi kazi. Mimi naishi kusini mwa jimbo hilohilo, na jina lake nililikuta kwenye jumba la makumbusho la timu ya Cincinnati Reds, lililo kando ya uwanja wao karibu na mto Ohio. Nilikwenda kwa sababu ya mgeni kutoka nyumbani aliyetaka kuuona uwanja. Mgeni alichoka mapema akaenda kununua soda, mimi nikabaki nimesimama.

Wazazi wake walimpeleka shule ya viziwi ya Columbus, shule ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1829. Alianza akiwa mkubwa kidogo, miaka kumi hivi, na alipomaliza mwaka 1879 alikuwa wa kwanza katika darasa lake, ndiye aliyetoa hotuba ya kuaga. Mwaka mmoja baadaye walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia, wakapitisha azimio kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na lugha ya alama itolewe madarasani. Azimio lile liliwatesa watoto viziwi kwa miongo mingi, wengine wakifungwa au kuchapwa mikono. Hoy aliponea chupuchupu. Alisoma kwa lugha aliyoweza kuimiliki, na ukiusoma uandishi wake unaona mtu aliyeshiba shule.

Alirudi kijijini akawa fundi viatu na kufungua duka lake. Mwenyewe alisimulia kwamba majira ya joto biashara ililala, maana watu wa kijijini walitembea pekupeku, kwa hiyo alikuwa akitoka nje kucheza mpira na vijana barabarani. Siku moja mpita njia akamwona anavyodaka, akavutiwa, akamsemesha, kisha akagundua ni kiziwi na kuondoka zake. Kesho yake akarudi. Alitaka fundi viatu acheze upande wa timu ya mji wake katika mechi dhidi ya mji jirani, ambao walikuwa na mrushaji wa kulipwa. Hoy akampiga yule mrushaji vizuri, na hapo wazo la kuacha viatu likamwingia.

Kwa wasomaji ambao besiboli wameisikia kwa mbali tu, labda mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walipofika Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za watoto, nieleze kidogo. Mrushaji wa timu moja anamtupia mpira mpigaji wa timu nyingine. Mpigaji anaupiga kwa kigongo na kukimbia akizunguka besi nne, ya mwisho ikiwa ile ya nyumbani, alipoanzia. Mpira ukirushwa mahali panapopigika naye asiupige, au akiukosa, hiyo ni straiki, na straiki tatu anatoka. Ukirushwa nje ya eneo hilo ni mpira mbaya, na ikifika mipira mibaya minne anapewa besi ya kwanza bure. Anayeamua ni mwamuzi aliyesimama nyuma ya mdakaji. Zamani hizo mwamuzi alitamka tu kwa mdomo.

Hapo ndipo pana shida ya kiziwi. Mpira umepita, mwamuzi kasema neno, uwanja mzima umesikia isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye mwenye kigongo mkononi.

Mwaka 1886 Hoy alianza kulipwa katika timu ya Oshkosh, Wisconsin, kwenye Northwestern League. Msimu wa kwanza alipiga .219, maana yake karibu mapigo mawili katika kila majaribio kumi, kiwango cha kufukuzisha mtu kazi. Kila baada ya mpira kurushwa ilibidi ageuke amtazame mwamuzi ili ajue hesabu imefika wapi, na warushaji walishaujua udhaifu huo. Alipogeuka tu, wao wakarusha mwingine kabla hajajiweka sawa. Basi akatafuta dawa. Wakati timu inapiga, kocha wake mmoja husimama karibu na besi ya tatu, mahali ambapo mpigaji anayepigia upande wa kushoto, kama Hoy, anamwona bila kuhangaika. Walikubaliana: straiki, kocha anyanyue mkono wa kulia, mpira mbaya, wa kushoto. Mrushaji akakosa mwanya wa kumwibia. Mwaka 1887 Hoy alipiga .367 na Oshkosh, chini ya Frank Selee, wakatwaa ubingwa.

Niseme hapohapo kwamba tarakimu hiyo isikutie wazimu. Mwaka 1887 ulikuwa wa ajabu. Katika ligi kubwa besi za bure zilihesabiwa kama mapigo na mpigaji alipewa straiki nne badala ya tatu, kwa hiyo wastani wa watu wengi ulifura. Hata ukipunguza, mtu wa .219 hawi mtu wa kuogopwa ndani ya msimu mmoja pasipo kitu kubadilika, na kilichobadilika kinajulikana.

Nina shangazi yangu Tanga, fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni. Mbele ya cherehani yake kuna kioo kikubwa. Wateja wapya hudhani ni cha kujitazamia nguo, na kweli hujitazama, lakini kazi yake ya kwanza ni kumwonesha nani anaingia mlangoni nyuma yake. Hakumwomba mtu abishe hodi kwa namna nyingine. Alipiga msumari ukutani, yakaisha. Niliposoma habari za Hoy na kocha wake nilicheka peke yangu.

Sasa ile hadithi maarufu. Ukimtaja Hoy kwa Mmarekani anayependa besiboli, kama anamjua, jambo la kwanza atakalokuambia ni kwamba kwa ajili yake waamuzi walianza kutumia ishara za mikono: mkono juu kwa straiki, mikono kutandazwa kwa aliyefika salama kwenye besi. Ni hadithi tamu. Sam Crawford, aliyecheza naye Cincinnati mwaka 1902, aliisimulia hivyo uzeeni. Viziwi wengi wa Marekani wameishikilia kama urithi wao, na nawaelewa.

Tatizo ni kwamba haisimami vizuri. Hoy alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi kubwa mwaka 1902. Bill Klem, mwamuzi ambaye bamba lake kule Cooperstown, kwenye jumba la taifa la heshima la besiboli, ndilo linalomtaja kuwa mwanzilishi wa ishara za mikono, alianza kazi National League, mojawapo ya ligi kubwa, mwaka 1905. Mwaka huohuo wa 1905 mwamuzi mwingine, Cy Rigler, anasemekana kuanza kunyanyua mkono wa kulia kwa straiki kwenye ligi ndogo. Kabla ya wote kuna Ed Dundon, kiziwi mwenzake Hoy kutoka shule ileile ya Columbus, aliyerusha mpira katika timu ya Columbus miaka ya 1883 na 1884, hivyo kumtangulia Hoy kufika ligi kubwa. Dundon aliwahi kusimama kama mwamuzi katika mechi moja kule Mobile, Alabama, mwaka 1886, akiamua kwa mikono. Na maelezo aliyoyaacha Hoy mwenyewe kuhusu mkono wa kulia na wa kushoto yanamtaja kocha wa besi ya tatu, mtu wa timu yake.

Wanaomtetea husema: hata hivyo, waamuzi waliuona utaratibu wake, wazo likasambaa. Inawezekana kabisa. Lakini kinachonikera si tarehe. Katika hadithi ile Hoy ni mtu aliyefanyiwa: mwamuzi mwema alimhurumia kiziwi, akanyanyua mkono. Katika habari yenyewe, mtu wa miaka 24 aliyekuwa karibu kupoteza kazi aliutazama mchezo, akaona habari anayoihitaji inapotea wapi, akaielekeza njia nyingine, bila kugusa kanuni hata moja na bila kumsumbua mwamuzi. Kwa nini tubadilishe hii kwa ile? Nadhani watu wanapenda hadithi ya ishara kwa sababu ndani yake wenye masikio nao wanatoka vizuri.

Mwaka 1888 alinunuliwa na Washington, timu dhaifu ya National League iliyomaliza mkiani mwaka huo na mwaka uliofuata. Hoy alikuwa na miaka 26, mfupi wa futi tano na inchi chache, mwepesi wa miguu. Msimu wake wa kwanza aliongoza ligi kwa kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa, mara 82. (Enzi hizo besi ya ziada aliyojinyakulia mkimbiaji pale mwenzake alipopiga mpira nayo iliweza kuandikwa kama wizi, kwa hiyo usizilinganishe 82 hizo na za leo moja kwa moja. Lakini wote waliocheza mwaka ule walihesabiwa hivyohivyo, naye akawashinda.)

Magazeti yalimwita Dummy, yaani bubu, jina la dharau walilobandikwa karibu viziwi wote waliocheza enzi hizo. Yeye alilichukua likawa lake, na aliwasahihisha waliomwita William. Wakati mwingine nasoma wachambuzi wa leo wanaoona aibu kulitaja, na wengine wanaolitaja kwa raha iliyopita kiasi. Mimi nitaendelea kumwita Hoy.

Nafasi yake ilikuwa uwanja wa nje, katikati. Pale nyuma kabisa wanasimama watu watatu, wa kushoto, wa kati na wa kulia, na kati yao kuna eneo kubwa la nyasi. Mpira wa juu ukielekea katikati ya wawili, wote hukimbia macho yakiwa mbinguni. Hakuna anayemtazama mwenzake. Kinachowaokoa ni sauti: mmoja anaita, mwingine anasimama. Asipoita mtu, mpira unaanguka kati yao au vichwa vinagongana, na watu wameumia vibaya kwa namna hiyo. Kisha kuna sauti nyingine ambayo mtazamaji haifikirii. Wachezaji wa nje husema kwamba mlio wa kigongo unapokutana na mpira ndio unaowaambia mpira umepigwa sawasawa au umeguswa tu, nao wanaanza kukimbia kabla jicho halijajua utakwenda umbali gani. Hoy hakuwa na milio yote miwili. Alikuwa na macho, kumbukumbu ya kila mpigaji, na ile karatasi ukutani.

Crawford, ambaye alicheza upande wa kulia Hoy akiwa kati, alisimulia kwamba hawakupata shida hata siku moja kuhusu nani achukue mpira. Hoy alitoa mlio fulani wa kooni, kama kuku aliyeshtuka, na mwenzake akajua. Fikiria alivyoutumia mlio huo. Mwenyewe hakuwahi kuusikia. Aliutoa kwa ajili ya masikio ya watu wengine, kwa wakati barabara, mbio zikiwa kasi, kwa miaka zaidi ya kumi na tano.

Tarehe 19 Juni 1889 Washington walicheza na Indianapolis. Mara tatu katika mchezo mmoja mkimbiaji wa Indianapolis alielekea nyumbani kuchukua pointi, na mara tatu Hoy alirusha mpira kutoka kule nyuma ukamwahi. Mdakaji aliyeipokea alikuwa Connie Mack, kijana mwembamba ambaye baadaye angeifundisha Philadelphia Athletics kwa nusu karne. Hakuna mchezaji wa nje aliyekuwa amefanya hivyo kabla, na waliofanya baadaye ni wa kuhesabu kwa vidole. Glavu za siku hizo zilikuwa vipande vidogo vya ngozi, na wengine walidaka mikono mitupu.

Mwaka 1890 wachezaji waligoma kwa namna ya pekee. Walichoshwa na kifungu cha mkataba kilichompa mwenye timu haki ya kumng'ang'ania mchezaji mwaka hata mwaka, wakaanzisha ligi yao wenyewe, Players' League, wakiongozwa na John Montgomery Ward. Hoy alijiunga nao katika timu ya Buffalo, ambayo ilikuwa mbovu kupindukia ikashika mkia. Ligi yenyewe ilikufa baada ya msimu mmoja. Mwaka uliofuata alikuwa St. Louis Browns, meneja wake akiwa Charlie Comiskey, na hapa kuna uzi ninaoupenda kuufuata. Comiskey alimchezesha St. Louis mwaka 1891. Comiskey akahamia Cincinnati, na mwaka 1894 Hoy yuko Cincinnati. Comiskey akawa mwenye timu ya Chicago White Sox, na mwaka 1900 Hoy yuko Chicago. Mtu aliyejulikana kwa kubana senti hakosi sababu anapomtafuta mchezaji yuleyule mara tatu.

Sababu si ngumu kuiona. Hoy hakuwa na pigo la kutisha. Kipaji chake kilikuwa kusubiri. Aliuacha mpira mbaya upite, akauacha na wa pili, mrushaji akachoka, naye akaenda besi ya kwanza bila kupiga kitu. Zaidi ya mara 1,000 alipewa besi bure katika ligi kubwa. Halafu, akiwa pale, alikuwa mwizi. Watu wa wakati wake walihesabu wastani wa kupiga na kuishia hapo. Leo kila klabu ina vijana wenye kompyuta wanaojua kwamba kufika besini kwa njia yoyote ndiko kunakozaa pointi. Wangempigania.

Mchezo wenyewe ulikuwa ukibadilika chini ya miguu yake. Alipoingia ligi kubwa mwaka 1888 besi ya bure ilihitaji mipira mibaya mitano. Mwaka 1889 ikawa minne. Mwaka 1893 mrushaji alirudishwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, umbali unaotumika hadi sasa, na warushaji waliozoea ukaribu walipotea mmoja baada ya mwingine. Hoy alipita katika mageuzi yote hayo bila kuyumba sana. Akiwa Louisville, 1898 na 1899, tayari ana miaka 36 na 37, alipiga zaidi ya .300 misimu yote miwili, akichezea timu moja na Honus Wagner kijana. Kisha National League ikapunguza timu kutoka 12 hadi 8, Louisville ikafutwa. Wagner na nyota wengine wakapelekwa Pittsburgh. Mzee wa uwanja wa kati hakuwa miongoni mwao.

Aliangukia Chicago, na hapo, baada ya miaka yote ya timu za mkiani, akaonja ushindi. White Sox walitwaa ubingwa wa American League mwaka 1900, ilipokuwa bado ligi ndogo, na tena mwaka 1901, msimu wake wa kwanza kama ligi kubwa. Hoy alitimiza miaka 39 msimu huo, akaongoza ligi kwa besi za bure: 86. Aliongoza pia kwa kugongwa na mipira, jambo linalokuambia kitu kuhusu mtu ambaye hakutaka kusogea. Tarehe 1 Mei 1901 aliupeleka mpira kwa pigo la besi nne huku besi zote tatu zikiwa na watu, akiwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo katika American League. Nimesema hakuwa na pigo la kutisha, na bado nasema.

Mwaka 1902 alirudi Cincinnati. Tarehe 16 Mei timu yake ilikutana na New York Giants, na mrushaji wa Giants alikuwa Luther Taylor, kiziwi pia, kutoka Kansas. Ilikuwa mara ya kwanza viziwi wawili kukabiliana katika ligi kubwa. Hoy alipofika kupiga alimsalimia Taylor kwa ishara kwamba amefurahi kumwona. Kisha akampiga mapigo mawili. Salamu ni salamu, kazi ni kazi.

Habari za Taylor zina utamu wake: meneja wa Giants, John McGraw, aliyefika katikati ya mwaka huo, alijifunza alfabeti ya vidole, na wachezaji wenzake pia, wakawa wanapiga soga kwa mikono benchini na kuwatania waamuzi bila kusikika. Ni kinyume cha njia ya Hoy. Kule timu nzima ilijifunza lugha ya mtu mmoja. Huku mtu mmoja aliwekea timu utaratibu. Sijui ipi bora, na pengine swali lenyewe halina maana, inategemea umezungukwa na nani.

Alimaliza mwaka 1903 huko Los Angeles, katika Pacific Coast League, akiwa na miaka 41, na timu yake ikachukua ubingwa. Kabla ya hapo, mwaka 1898, alikuwa ameoa mwalimu kiziwi aitwaye Anna Lowery. Walinunua shamba la ng'ombe wa maziwa Mount Healthy, nje ya Cincinnati, wakaliendesha kwa miaka ishirini hivi. Mtoto wao Carson alikuja kuwa jaji. Mtoto wa nduguye waliyemlea, Paul Helms, alianzisha kiwanda cha mikate Los Angeles kilicholisha kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya mwaka 1932, kisha mfuko wa michezo uliobeba jina lake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Goodyear ilipowaajiri viziwi kwa mamia kiwandani Akron, Hoy alikuwa mmoja wa waliowasimamia. Mount Healthy leo ni kitongoji cha kawaida cha maduka na makanisa, na ng'ombe huwaoni.

Tarehe 7 Oktoba 1961, kwenye uwanja wa Crosley Field, Cincinnati, walimwita mzee wa miaka 99 arushe mpira wa ufunguzi wa mchezo wa tatu wa fainali kati ya Reds na New York Yankees. Aliurusha. Reds walipoteza 3-2 baada ya Roger Maris, aliyekuwa amepiga mapigo 61 ya besi nne msimu huo, kuuvusha mmoja mwishoni kabisa. Hoy alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Hakukuwa na mchezaji wa zamani wa ligi kubwa aliye hai mkubwa kuliko yeye.

Reds walimwingiza kwenye jumba lao la heshima mwaka 2003. Uwanja wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, una jina lake. Cooperstown, jumba kubwa la taifa, hayumo. Viziwi wa Marekani wamempigia kampeni kwa miaka mingi, na kwa bahati mbaya kampeni imeegemea sana hadithi ya ishara za waamuzi. Anayetaka kumnyima anachohitaji ni kuonesha tarehe za Klem, na mjadala umekwisha.

Mimi ningeenda na hesabu. Takribani mechi 1,800. Zaidi ya mapigo 2,000. Zaidi ya mizunguko 1,400 iliyofika nyumbani. Besi za wizi karibu 600. Alipostaafu alikuwa amecheza mechi nyingi kuliko mtu yeyote katika nafasi ya kati ya uwanja wa nje. Wapo waliompita enzi zake, Billy Hamilton kwa mfano, na simwekei Hoy mezani pamoja na Hamilton. Lakini mwaka 1891, kule St. Louis, mwenzake katika uwanja wa nje alikuwa Tommy McCarthy. McCarthy alimaliza na mapigo 1,493, ambayo ni pungufu ya Hoy kwa zaidi ya 500, na besi za wizi 468. McCarthy yumo Cooperstown tangu mwaka 1946. Anayeweza kunieleza tofauti hiyo kwa kutumia besiboli peke yake, aniandikie.